ThinkPad, Latitude, EliteBook au MacBook: ipi ikufae, na ukague nini kabla hujalipa

Ubishi wa "HP mbovu" na "Lenovo haifi" hauishi kwa sababu wanaobishana wanazungumzia mashine tofauti. Mmoja akisema HP ana maana ya HP 15 ya plastiki iliyopasuka bawaba mwaka wa pili. Mwenzake akisema HP ana maana ya EliteBook 840 ya alumini inayoingia mwaka wa saba na bado inafanya kazi. Wote wawili wanasema kweli. Lenovo, Dell na HP kila moja hutengeneza laptopu za nyumbani na laptopu za ofisi, na pengo kati ya hizo mbili ndani ya kampuni moja ni kubwa kuliko pengo kati ya kampuni na kampuni.

Kwa hiyo jina lililo mgongoni mwa kioo ni la kufikiriwa mwisho. Anza na daraja la mashine, fuata kizazi cha prosesa, kisha ujue vipi vimelehemiwa kwenye ubao mama na vipi vinabadilishika. Hayo yakishajulikana ndipo ubishi wa ThinkPad na Latitude unapopata maana.

## Daraja

| | Lenovo | Dell | HP |
|---|---|---|---|
| Za nyumbani | IdeaPad | Inspiron | HP 14, HP 15, Pavilion |
| Za ofisi, nafuu | ThinkPad E na L | Latitude 3000, Vostro | ProBook 400 |
| Za ofisi, kamili | ThinkPad T na X | Latitude 5000 na 7000 | EliteBook 800 |
| Nyembamba, ghali | ThinkPad X1 | Latitude 9000 | EliteBook 1000 |
| Za kazi nzito | ThinkPad P | Precision | ZBook |

Ukitaka kuona tofauti ya mstari wa kwanza na wa tatu, tazama bawaba. Katika laptopu nyingi za nyumbani, bawaba ya chuma hufungwa kwa skrubu kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa ndani ya vijiti vya plastiki. Bawaba ikikaza, kila unapofungua kioo nguvu yote huishia kwenye hivyo vijiti. Hukatika kimoja kimoja, nati hung'oka, kava la nyuma hubenuka, na waya wa kioo huanza kubanwa hadi picha inakatikakatika. Gundi ya epoksi hushika kwa muda. Tiba yenyewe ni kubadilisha kava na kulegeza bawaba. Fundi akiweka kava jipya na kuacha bawaba ikiwa bado ngumu, litavunjika palepale. Kwenye mashine za mstari wa tatu bawaba hukamata sehemu zilizoimarishwa kwa chuma, ndiyo maana ugonjwa huu ni nadra kwao.

Kupima ni rahisi: shika kioo kwa kona moja ya juu, kifungue taratibu hadi mwisho, usikilize kama plastiki inalia. Kisha chungulia kona za chini za fremu ya kioo. Pakiwa na ufa au pameachana hata milimita moja, vijiti vimeshaanza kukatika.

Tofauti ya pili ni vitabu vya ufundi. Kwa mashine za ofisi, kampuni zote tatu huweka mtandaoni, bure, mwongozo unaoonyesha kila skrubu, urefu wake na mpangilio wa kufungua. Vipuri vina namba za kuagizia, nazo huwa zimechapwa kwenye kipuri chenyewe. Kwa laptopu ya nyumbani mara nyingi unaagiza kwa kubahatisha na kulinganisha picha.

Hata programu zinazokuja na mashine hutofautiana. Kashfa ya Superfish, programu ya matangazo iliyogundulika mwaka 2015 ikivunja usalama wa tovuti zilizofichwa kwa HTTPS, iliwakumba wanunuzi wa Lenovo za nyumbani. ThinkPad hazikuwekewa kitu hicho. Kampuni ni ile ile.

## Kusoma namba bila kudanganyika

Dell Latitude ina tarakimu nne. Kwenye 5420, ya kwanza ni mfululizo wa 5000, ya pili inasema kioo ni inchi 14 (3 ingekuwa inchi 13, 5 ingekuwa inchi 15), na ya tatu ni toleo. 5400 ilitoka 2019, 5410 ikatoka 2020, 5420 mwaka 2021, 5430 mwaka 2022. Kabla ya hapo hesabu iliishia kwenye 9: 5490 na 7490 ni za 2018. Hapa ndipo wengi wanaponasa. 5490 inasikika kubwa kuliko 5420, kumbe ni ya zamani kwa miaka mitatu. Mwaka 2025 Dell ikaanza kuuza mashine mpya za ofisi kwa majina ya Dell Pro na Dell Pro Max, lakini zilizotangulia zinabaki na namba zake.

HP ni nyepesi zaidi. EliteBook 840 G8 ni mfululizo wa 800, inchi 14, toleo la nane. Ikiishia na 5, kama 845, ndani kuna AMD. Usichanganye G na kizazi cha prosesa: G8 hubeba Intel ya kizazi cha 11.

Lenovo ilikwenda T470, T480, T490, kisha mwaka 2020 ikaanza upya na T14 Gen 1, Gen 2 na kuendelea. Herufi "s" mwishoni, kama T480s au T14s, maana yake ni nyembamba zaidi, na wembamba huo una gharama utakayoiona kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine). Ukiagiza kipuri cha ThinkPad tumia herufi nne za aina ya mashine zilizo chini yake, mfano 20L5 kwa T480, kwa sababu T14 ya Intel na T14 ya AMD zina jina moja na ubao mama tofauti.

## Kizazi cha prosesa: mstari upo kwenye 8

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache za kipekee. Upande wa AMD, Ryzen 5 2500U imeachwa nje, 3500U imekubaliwa.

Mstari huo haukuwekwa mahali pabaya. i5-7200U ya kizazi cha 7 ina viini viwili vya kuchakata kazi. I5-8250U iliyofuata ina vinne. Kwa mtu anayefungua kivinjari chenye tabu ishirini na Excel pembeni, hatua hiyo moja ni kubwa kuliko hatua kadhaa zilizofuata. Angalizo: mashine za 2018 kama T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 ziliuzwa na vizazi vyote viwili, cha 7 na cha 8. Jina la mashine pekee halitoshi. Fungua ukurasa wa mfumo usome namba ya prosesa yenyewe: tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na ikianza na 10 kwenda juu, soma mbili za kwanza. i5-8350U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i5-1245U ni cha 12.

Herufi U ni ya mashine zinazotunza chaji. H ni ya kazi nzito, na huja na joto na feni inayosikika.

## Kilicholehemiwa hakiongezeki

Swali linaloamua umri wa laptopu kuliko jina lolote ni hili: RAM yake inatoka?

EliteBook 840, tangu G5 hadi G10, ina sloti mbili za RAM. Latitude 5420 na 5430 nazo zina mbili. Latitude 7420 imelehemiwa yote, ingawa ni ya daraja la juu na iligharimu zaidi ikiwa mpya. ThinkPad T480 ina sloti mbili. T480s ina kiasi kilicholehemiwa pamoja na sloti moja. T490s na T14s zimelehemiwa kabisa. X1 Carbon hali kadhalika. T14 ya Intel kuanzia Gen 1 hadi Gen 4 ina kiasi kilicholehemiwa na sloti moja, halafu Gen 5 ya 2024 ikarudishiwa sloti mbili. Cha ajabu, L14, ndugu yake wa bei nafuu, alikuwa na sloti mbili muda wote huo ambao T14 alikuwa na moja. Anayetaka GB 32 kwa bei ya chini na hajali gramu mia mbili za ziada, L14 inamfaa kuliko T14.

Kujua bila kufungua mashine: kwenye Windows bofya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye utendaji (Performance), kisha kumbukumbu (Memory). Chini pameandikwa aina ya umbo (Form factor). Ukiona SODIMM, kuna kipande kinachotoka. Ukiona "Row of chips", imelehemiwa. Mstari wa juu yake unaonyesha sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi zilizopo.

Kuna sababu nyingine ya kujaza sloti zote mbili. Prosesa za kizazi cha 11 kama i5-1135G7 zina michoro ya Iris Xe, lakini michoro hiyo hufanya kazi kikamilifu RAM ikiwa kwenye njia mbili. Weka kipande kimoja cha GB 8 na Windows itakuonyesha "UHD Graphics", na kasi ya michoro inashuka waziwazi. Ongeza kipande cha pili chenye ukubwa sawa, jina linabadilika lenyewe bila kuweka draiva. Kama unahariri video nyepesi au unaunganisha kioo cha nje cha 4K, hilo ni ongezeko la bei rahisi kuliko yote. Hakikisha tu unanunua aina inayolingana: kipande cha DDR4 hakiingii kwenye sloti ya DDR5.

SSD ni habari njema zaidi. Mashine nyingi za Windows zilizotajwa hapa zina SSD (hifadhi ya mafaili) ya umbo la M.2 inayotoka kwa skrubu moja. T480 ina kasoro ndogo: SSD yake kuu hukaa kwenye nafasi ya diski ya inchi 2.5 kupitia adapta, na adapta hiyo hupitisha NVMe (SSD za kasi) kwa njia mbili za data badala ya nne. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi la SSD ya bei ghali hutaiona, basi nunua ya wastani.

## ThinkPad, Latitude na EliteBook uso kwa uso

Kibodi. ThinkPad bado inaongoza, hasa miaka ya T480 na kurudi nyuma, ambako vitufe vinashuka kwa kina zaidi kuliko za sasa. Kibodi yenyewe hutoka kwa juu bila kung'oa ubao mama, jambo ambalo kwenye laptopu nyingi nyembamba za leo halipo tena. Kitu kimoja huwaudhi wageni: kwenye ThinkPad nyingi kitufe cha Fn kiko pembeni kabisa, mahali pa Ctrl. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwa F1, sehemu ya kibodi, ubadilishane Fn na Ctrl. Kwenye EliteBook kibodi ni nzuri na tulivu. Latitude ni ya kawaida, haiudhi wala haisifiki.

Chaji. Hapa ndipo kila kampuni ina tabia zake, na ndipo pesa nyingi hupotea.

Chaja ya Dell ya ncha ya duara ina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Inapeleka utambulisho unaosema chaja ni ya Dell na ni ya wati ngapi. Waya wake ni mwembamba sana na hukatika pale shingoni, kwa sababu ya kukunjwa. Ukikatika, mashine inawaka kama kawaida lakini inakuonya wakati wa kuwaka kuwa haikuitambua adapta, betri haichaji, na prosesa inashushwa kasi hadi kufungua faili la Word kunakuwa kazi. Wengi huanza kwa kununua betri, halafu wanafomati Windows, na tatizo linabaki. Jaribu kwanza chaja nyingine halisi. Onyo likibaki, shuku tundu la chaji, ambalo kwenye Latitude nyingi ni kipande chenye waya wake kinachochomekwa, hakikulehemiwa. Ni kipuri rahisi. HP za ncha ya bluu ya milimita 4.5 nazo zina pini ya katikati na hushtuka vivyo hivyo ukitumia chaja ya kuigiza.

ThinkPad za T480 na kuendelea huchaji kwa USB-C. Faida: chaja yoyote nzuri ya wati 65 inafaa, hata ya kampuni nyingine. Hasara: matundu yamelehemiwa kwenye ubao mama, na kuyabadilisha ni kazi ya fundi mwenye hadubini. Juu ya hapo kuna kasoro iliyokiriwa na Lenovo wenyewe kwa mashine za 2017 hadi 2019 zenye Thunderbolt (tundu la USB-C la kasi zaidi): programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt ina hitilafu, na muda ukipita tundu huacha kusoma vifaa, hata kuchaji kwenye baadhi ya mashine. Dawa ni sasisho la firmware ya Thunderbolt kutoka tovuti ya Lenovo, lifanyike wakati tundu bado ni zima. Likishakufa, chipu inabidi iandikwe upya kwa kifaa maalumu au ubao mama ubadilishwe. Ukinunua T480 au T480s iliyotumika, fanya hilo siku ile ile, kabla hujaweka hata Office.

Betri. T480 ni ya pekee: ina betri ya ndani ya Wh (wati-saa) 24 na ya nyuma inayochomolewa, ya hadi Wh 72. Unaweza kuichomoa ya nyuma na kuweka nyingine mashine ikiwa inawaka. Hakuna Latitude ya kawaida wala EliteBook ya rika lake yenye uwezo huo. Kwa mtu ambaye umeme wake si wa kutegemea, hiki peke yake ni kigezo cha kutosha. Kuanzia T490 betri ikawa ya ndani moja tu.

Kampuni zote tatu zinakuruhusu kuzuia chaji isifike 100%, na kama laptopu yako hukaa mezani imechomekwa siku nzima, fanya hivyo. Lenovo ni kwenye programu ya Vantage, unaweka mwanzo na mwisho. Dell ni BIOS, kwa F2. HP ni BIOS kwa F10, sehemu ya afya ya betri, ambako chaguo la kuilinda huisimamisha kwenye 80%. Betri inayokaa 100% kwenye joto huvimba, na dalili ya kwanza mara nyingi ni tachipadi isiyobonyezeka au iliyoinuka kidogo. Ukiiona, acha kuchaji na uitoe, usiibonyeze irudi.

Kioo. Usiamini jina la modeli. Mashine moja iliuzwa na vioo vitatu au vinne tofauti. Kibovu ni cha pikseli 1366 kwa 768, ambacho hugeuka rangi ukikitazama kutoka chini. Cha kati ni cha 1920 kwa 1080 chenye mwanga wa niti 250 na rangi 45% ya NTSC (kipimo cha wingi wa rangi): maandishi yanasomeka vizuri, lakini nyekundu inaonekana ya matofali, na kwenye dirisha lenye jua hutaona kitu. Kinachostahili ni cha niti 400 chenye rangi zote za kipimo cha sRGB. EliteBook zina chaguo la Sure View, kioo cha faragha kinachozuia jirani kusoma. Kinafaa kwa anayefanya kazi kwenye basi au benki. Kwa mwingine ni kero, kwa sababu hata kikiwa kimezimwa hufifia haraka ukikitazama pembeni, na wawili hamtaangalia kitu kwa raha.

Utafutaji wa taarifa. Dell inashinda. Service Tag yake, yaani namba ya utambulisho wa mashine, ina herufi na tarakimu saba tu; iandike kwenye tovuti yao uone mashine ilitoka kiwandani na kioo gani, RAM ngapi, SSD gani, na dhamana iliisha lini. Ukilinganisha orodha hiyo na kilichomo, unajua mara moja kilichobadilishwa.

Linux (mfumo mbadala wa Windows). ThinkPad na Latitude huleta shida chache. Kisomaji cha alama za vidole ndicho kinachokosa draiva mara nyingi. Kadi ya Wi-Fi ya Intel haisumbui.

## MacBook ni uamuzi wa programu

MacBook Air ya M1 (chipu ya Apple yenyewe), iliyotoka Novemba 2020, haina feni, ina uzito wa kilo 1.29, na hukaa na chaji kuliko mashine nyingi za Windows za mwaka wake. Kwa kuandika, kuhariri picha, muziki na video fupi, hakuna ya kushindana nayo kwa ukimya. Lakini kabla ya kuvutiwa, andika orodha ya programu unazolazimika kutumia.

Excel ya Mac haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi. Access haipo kabisa kwenye Mac. ArcGIS Pro, Revit na SolidWorks ni za Windows tu. Mac zenye chipu za M haziwashi Windows kwa Boot Camp, kama zilivyofanya Mac za Intel. Unatumia Windows 11 ya ARM (toleo la chipu za aina hiyo) ndani ya Parallels, programu inayoendesha Windows juu ya macOS, na kifaa chochote kinachotaka draiva ya Windows ya kawaida, kama kisomaji cha vidole au ufunguo wa leseni wa USB, kinaweza kugoma. Mhasibu au mhandisi wa ujenzi aachane nayo. Anayetumia R, Stata, Python au programu za usanifu wa picha hana tatizo. Kumbuka pia kwamba macOS husoma diski ya NTFS (mpangilio wa Windows) bila kuiandikia, basi flashi za kubadilishana na wenzako zifomati kwa exFAT.

Ndani ya MacBook Air hakuna cha kuongeza. RAM na SSD ni sehemu ya ubao, na kibodi imekazwa kwenye kava la juu. Ubao ukifa, data imekwenda nao, kwa hiyo nakala ya Time Machine kwenye diski ya nje si hiari. Air za M1 na M2 za msingi zilikuja na GB 8. Mwezi Oktoba 2024 Apple ikapandisha msingi wa Air zilizokuwa sokoni hadi GB 16. M2 ya GB 256 ina chipu moja ya hifadhi badala ya mbili, ndiyo maana SSD yake ni ya polepole kuliko ya M1 yenye ukubwa huo huo. Vioo vya nje: M1 na M2 Air hukubali kimoja, M3 hukubali viwili ukiifunga laptopu yenyewe, M4 hukubali viwili ikiwa wazi.

MacBook za Intel ziacheni. Apple ilishatangaza kwamba macOS 26 Tahoe ndilo toleo la mwisho kukubali prosesa za Intel, na kati ya MacBook hizo zimo zile za 2015 hadi 2019 zenye kibodi ya kipepeo, ambayo punje moja ya vumbi hufanya herufi ijirudie au isiandike. Apple ilibidi ifungue mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018.

Msibandike kifuniko cha kamera kwenye MacBook. Nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno, na ukiifunga kioo kinaweza kupasuka. Apple wenyewe wanaonya.

## Asus na Acer

Kwa matumizi ya ofisi hazina jambo ambalo mashine zilizotangulia hazina. Zinapofaa ni kwenye gemu na michoro mizito: TUF na ROG za Asus, Nitro na Predator za Acer. Huko, jina la kadi ya michoro linadanganya. RTX 3050 ya laptopu inaweza kupewa kuanzia wati 35 hadi 80, na RTX 4060 kuanzia 35 hadi 115. Mashine mbili zenye kadi moja zinaweza kupishana sana kwa kasi. Tafuta wati za kadi kwenye maelezo. Muuzaji akishindwa kuzitaja, tafuta modeli kamili iliyo chini ya mashine.

## Kulingana na kazi

Mwanafunzi au mwandishi mwenye bajeti ya mashine iliyotumika: T480, EliteBook 840 G5 au G6, au Latitude 5400, zote ziwe na prosesa ya kizazi cha 8. Kati ya hizo, T480 kwa ajili ya betri na kibodi. 840 kwa mwili imara na spika nzuri. 5400 kwa urahisi wa vipuri. Chukua ile iliyo na kioo kizuri kuliko zote, maana kioo ndicho kipuri kinachokula pesa.

Anayefanya kazi ya hesabu nzito na jedwali kubwa: 840 G8 au Latitude 5420, ijazwe vipande viwili vya GB 16. Mpiga picha: MacBook Air ya M1 yenye GB 16 kuliko M2 yenye GB 8. Anayetaka mpya na bajeti ni ndogo: ThinkPad E au ProBook 400 kabla ya IdeaPad au Pavilion inayong'aa zaidi kwa bei ile ile.

## Kabla hujalipa

Washa mashine uingie BIOS: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiomba nywila ya msimamizi na muuzaji haijui, rudisha. Kwenye ThinkPad kutoa betri ndogo ya CMOS hakuiondoi nywila hiyo, na njia rasmi ni kubadilisha ubao mama.

Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Faili linalotokea lina namba mbili: uwezo wa awali na uwezo wa sasa wa chaji kamili. Iwapo ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili 38,000, betri imebaki na 76%. Chini ya 60% hesabu bei ya betri mpya. Kwa MacBook soma idadi ya mizunguko kwenye taarifa za mfumo. Kiwango chao ni 1,000.

Chomeka chaja kwenye USB-C, uigeuze juu chini, kwa kila tundu. Igonge kidogo uone kama chaji inakatika.

La mwisho linahusu umiliki, na halionekani kwenye mashine iliyokwisha wekwa tayari. Laptopu nyingi za ofisi zimesajiliwa kwenye Autopilot (mfumo wa Microsoft wa kusimamia mashine za kampuni) ya kampuni iliyozinunua, na MacBook inaweza kuwa na Activation Lock (kufuli la akaunti ya mwenyewe) au usimamizi wa mbali. Kufomati hakuondoi hata kimoja. Mwambie muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako, kisha iunganishe na intaneti wakati wa kuisanidi. Ikionyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini, au ikitaka akaunti ya Apple ya mtu mwingine, iache hapo hapo mezani, hata kama kioo chake ni kizuri namna gani.